Ngozi ya Ndama

Yule ndama yatima hakutaka kuvaa ngozi ya mfu. Alirusha mateke, akajipinda, akamkanyaga mzee kwenye kidole gumba, na mzee hakumkaripia. Alimbana kwa magoti, akapitisha kamba ya katani chini ya tumbo, akafunga fundo mgongoni, kisha akapitisha nyingine shingoni.

"Taratibu," alimwambia. "Taratibu, baba. Hata mimi sikupenda."

Neno hilo ndilo lililompa jina. Watu wa shamba la maziwa walikuwa wameshasahau jina alilopewa na wazazi wake. Kwao alikuwa Mzee Taratibu, mkamuaji, tangu ndevu zake zikiwa bado nyeusi. Ng'ombe akirusha teke, taratibu. Ndoo ikimwagika, taratibu. Meneja akija mbio anafoka kwamba maziwa yamepungua, mzee aliendelea kuvuta chuchu, akamwambia na yeye vilevile, taratibu, mpaka wenzake wakajiuma midomo wasicheke. Viungo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba, havikunji ngumi wala havinyooki, vimebaki nusu njia. Siku ya harusi ya mwanawe wa kiume alishindwa kupiga makofi, akawa anajipiga paja kwa kiganja na kucheka hadi machozi.

Ngozi ile ilikuwa ya ndama wa Bibi Harusi. Walimwita hivyo ng'ombe yule kwa sababu ya mwendo wake wa madaha, kana kwamba kila anapopita kuna watu wamesimama kumtazama. Ndama wake alikuwa amekufa, naye akabana maziwa. Ng'ombe wa banda lile walikuwa machotara, na chotara asipomwona ndama wake pembeni hashushi maziwa, hata umkande kiwele kwa maji ya moto na kumsemesha maneno ya mapenzi. Kiwele hujaa, hupata joto, huwa kigumu, mwisho huingia usaha. Dawa yake Taratibu alifundishwa na mkamuaji aliyemtangulia: mchune aliyekufa, mvishe ngozi yatima, mpeleke kwa mfiwa. Ng'ombe hamtambui mwanawe kwa sura, humtambua kwa harufu.

"Haya, ona sasa," alisema Redio kutoka kwenye karo. Redio alikuwa mwosha madebe, mwanamke mnene wa makamo, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuna aliyewahi kumzima. "Unamdanganya mfiwa mchana kweupe, mzee mzima."

"Simdanganyi. Namsaidia."

"Ndivyo mnavyosema wote. Marehemu mume wangu, kila akitoka kwa yule mwanamke wake, na yeye alikuwa ananisaidia."

Taratibu alimsukuma ndama mbele. Bibi Harusi aligeuza kichwa. Alinusa mgongo, akanusa mkia, akarudi mgongoni, akakaa hapo kwa muda pua yake ikitetemeka. Kisha akatoa ule mlio wa chini, wa kifuani, ambao ng'ombe humtolea mtoto wake tu, akaanza kulamba. Ndama akajipenyeza chini. Kiwele kikalegea mbele ya macho yao.

"Kashusha!" Redio alipiga kopo kwa kijiko. "Ama kweli mnyama ni mnyama. Mtu humfanyii hivyo."

Siku nyingine Taratibu angejibu kama alivyojibu maisha yake yote: hiyo ndiyo tofauti yetu na wao, wao wana pua, sisi tuna utu. Aliipenda sana kauli hiyo, na aliwaambia hata wanawe walipokuwa wadogo wakija bandani kunywa povu la maziwa. Leo alichuchumaa kwenye kigoda, akashika chuchu. Macho yake yalikuwa kwenye ile ngozi.

Nyumbani kwake kulikuwa na mtoto aliyekuwa anakufa kwa njaa.

Nyumba za wafanyakazi zilijengwa mstari mmoja nyuma ya shamba, kuta zimepakana, ukikohoa huku jirani anakupa pole kule. Ya Taratibu ilikuwa na vyumba viwili na jiko la mabati uani. Chumba kimoja alilala yeye na mkewe. Cha pili walikuwa wakilala mwanawe wa kiume na mkewe. Halafu bintiye mkubwa, ambaye mumewe ni dereva wa malori ya masafa, akarudi kwao kujifungua mtoto wake wa kwanza, na mama yake akamtandikia kitanda chumbani kwa wazee. Taratibu akahamia kwenye mkeka mlangoni, akajisifu kwa kila mtu kwamba anafukuzwa na wajukuu.

Mtoto wa binti aliishi mpaka akajua kushika kidole cha babu yake. Kisha homa ikamchukua kati ya asubuhi na jioni. Baba yake alikuja, akazika, akarudi kwenye usukani, maana lori si lake na msiba wa kichanga hauhesabiwi likizo.

Kabla nyumba haijapumua, mkaza mwana wake Taratibu akashikwa na uchungu kabla ya wakati. Alijifungua salama, mtoto wa kiume mdogo mdogo, kisha damu ikagoma kukatika. Gari la shamba lilikuwapo. Lilikuwa limepakia maziwa, na meneja akasema dereva atawachukua akirudi, kwa sababu maziwa yakichelewa yanachacha. Maziwa hayakuchacha. Yalifika salama salimini. Mama wa watu akafia kwenye toroli la kubebea majani, nusu ya njia ya kwenda zahanati, mumewe akisukuma.

Mazishini mwenyekiti wa mtaa alisimama akazungumza vizuri sana. Alisema kinachomtofautisha binadamu na mnyama ni huruma. Mnyama, alisema, huangalia tumbo lake tu, lakini sisi tumepewa moyo. Akamnyooshea kidole mtoto aliyekuwa mikononi mwa bibi yake: "Huyu ni mtoto wetu sote!" Watu wakaitikia kwa sauti moja. Baada ya hapo walikula, wakanawa, wakaenda zao.

Kesho yake mke wa Taratibu alijifunga kanga, akambeba mtoto, akapita mlango kwa mlango kwa wanawake wanaonyonyesha. Wa kwanza alisema ziwa linamuuma. Wa pili alisema lake halimtoshi hata wa kwake. Wa tatu alikuwa mkweli, alimshika mkono akamwambia, "Mama, usinichukie. Hatujui mkweo alikuwa na nini kwenye damu. Na mimi nina mwanangu." Mtoto wetu sote alirudi nyumbani akilia peke yake.

Hospitali kubwa ilimwona mara moja ikamrudisha, vitanda vimejaa. Maziwa ya kopo aliyatapika, hata yalipozimuliwa, hata yalipotiwa kwa tone. Taratibu alijaribu ya ng'ombe, akayachemsha na kuyatia maji, nayo yakapita tumboni kama yamemwagwa, yakamwacha mtoto macho yameingia ndani. Muuguzi wa zahanati alimgeuza huku na huku, akambana ngozi ya tumbo, ngozi ikabaki imesimama.

"Huyu hana ugonjwa, mzee," alisema. "Ana njaa. Tumbo lake bado bichi, linataka maziwa ya mtu. Mtafutieni ziwa. Mkichelewa, msinirudishie, maana sitakuwa na la kufanya."

Na ziwa lilikuwapo, ndani ya nyumba ileile.

Taratibu alirudi kutoka bandani saa ya chai, akapita uani, akasikia sauti ambayo masikio yake yaliijua kuliko sauti nyingine yoyote duniani: maziwa yakigonga bati. Bintiye alikuwa ameketi nyuma ya jiko, mgongo ukutani, anajikamua kwenye kikombe. Uso wake ulikunjamana kwa maumivu. Kikombe kilipofika nusu alinyoosha mkono, akayamwaga kwenye rundo la majivu. Majivu yakayanywa. Kutoka chumbani, kupitia ukuta, mtoto alikuwa akilia kwa sauti nyembamba ya paka.

"Mama," alisema Taratibu. Alimwita hivyo tangu alipokuwa mdogo.

"Usiseme, baba."

"Sijasema kitu."

"Umesimama. Unaposimama hivyo, unasema."

Mama yake alitokea mlangoni akiwa na mtoto begani na kijiko mkononi. Alikuwa hajachana nywele siku kadhaa. "Mwanangu, mara moja tu. Funga macho. Kama dawa."

"Nimewaambia hapana."

"Ni damu yako! Wewe ni shangazi yake!"

"Na yule alikuwa wifi yangu," binti alisema, na sauti yake ikapanda. "Siku mnamtoa mwanangu mlangoni, watu wote walikuja kunishika mkono. Wageni walinishika mkono. Wifi yangu alikuwa hapo, chumba cha pili, amekumbatia tumbo lake, akageukia ukutani. Kama vile mimi nina ukoma. Kama vile mwanangu ana ukoma. Sasa mnataka nitoe maziwa ya mwanangu nimpe wake?"

Kaka yake alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono imening'inia kati ya magoti. Tangu alipoliacha lile toroli alikuwa haongei. Sasa aliinua kichwa.

"Nenda bandani kwa baba," alimwambia dada yake, polepole. "Kuna ng'ombe kule anamnyonyesha yatima tangu asubuhi. Ng'ombe! Hata mnyama ana huruma kukuzidi."

Binti alimtazama sana. Kisha akachukua kikombe, akakifuta kwa pindo la gauni.

"Basi mpeleke kwa mnyama," alisema.

Mtu anayezama hachagui cha kushika. Lakini haikuwa hivyo kwa Taratibu. Yeye alichagua, na alichagua kwa mikono yake, kwa sababu mikono ndiyo iliyokuwa na akili pale kichwa kilipoishiwa. Alijua jambo moja tu maishani kuhusu mama aliyefiwa na maziwa yaliyobanwa. Alikuwa amelifanya mara nyingi, na halikuwahi kumwangusha.

Kulikuwa na shali. Ya sufu, ya njano, ambayo bibi yake alimnunulia yule marehemu mchanga, na ndiyo aliyofungwa siku zote za uhai wake. Bintiye hakukubali ifuliwe. Aliiweka chini ya mto. Kila alipoamka, kabla hajamsalimu mtu, aliichomoa, akaingiza uso ndani, akavuta pumzi, akabaki hapo. Mama yake alikuwa akigeuka kando asione.

Mchana wa siku ile jua lilikuwa kali na mstari mzima wa nyumba umenyamaza. Kijana, yule kaka mtu, alikwenda kukata majani, kwa kuwa shamba halikumpa ruhusa zaidi. Mke wa Taratibu alikwenda zahanati kumlilia muuguzi tena. Binti, aliyekuwa halali usiku, alikuwa amezama katika usingizi wa mchana, ubavu ukutani, kifua cha gauni kimelowa madoa mawili. Ncha ya shali ilichungulia chini ya mto.

Taratibu aliivuta. Ilitoka bila shida. Aliinusa na yeye, bila kukusudia, na harufu ya mjukuu wake wa kwanza ikampiga usoni, maziwa na mafuta na jasho la utosini. Angeishia hapo. Mtu mwingine angeishia hapo, akairudisha. Lakini yatima alikuwa mkekani, ameacha kulia, pumzi ikimkwaruza kooni, na babu yake alimwinua, akamfunga shali kutoka utosini hadi miguuni, akabana ncha vizuri kama alivyofunga fundo la katani asubuhi. Akamlaza ubavuni mwa bintiye.

Alisubiri. Binti alivuta pumzi, mara moja, mbili. Uso wake uliokuwa umekaza tangu siku ya mazishi ukafunguka. Macho yamefungwa, mkono wake ukamtafuta mtoto, ukampata, ukamvuta kifuani. Ukafungua kifungo. Kile kinywa kidogo kikahangaika, kikakosa, kikapata.

Na mtoto akameza. Taratibu alimwona akimeza, akaona lile shimo la chini ya koo likipanda na kushuka, tena na tena, maziwa yakichuruzika pembeni ya mdomo kwa wingi wake. Alibana pumzi asipige kelele kwa furaha. Machozi yalimtoka, na mdomo wake, ambao kwa miaka yote hiyo haukuwahi kuona maziwa yakishuka ukanyamaza, ukasema wenyewe:

"Taratibu. Taratibu, mama."

Binti alifumbua macho.

Alikua katika banda lile. Alikunywa povu pale, alijifunza kutembea ameshika mkia wa ng'ombe pale, na alimwona baba yake akivisha ngozi kabla hajajua kusoma. Alimtazama baba yake. Akatazama shali. Akaivuta ncha ya juu, akaona uso usio wa mwanawe.

Hakumtupa mtoto. Baadaye Taratibu alijishika kwenye jambo hilo dogo kama mtu anayeshika mzizi ukingoni mwa shimo. Alimtoa ziwani kwa kidole, akamfungua, akamlaza uchi katikati ya kitanda, mbali na ukingo. Kisha akaizika pua yake ndani ya shali. Mtoto alikuwa ameitapikia maziwa ya kopo, na ameikojolea.

Aliinusa kona moja. Akaigeuza, akainusa kona nyingine. Akaigeuza tena, haraka, kama mtu anayetafuta kitu katika mfuko wenye tundu.

"Haipo," alisema. "Baba. Haipo tena."

"Mama, nilikuwa..."

"Harufu yake. Ilikuwa ndiyo imebaki. Hakubakisha kitu kingine." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomtisha mzee. "Umenivisha ngozi. Mimi. Mimi, baba, ndiye Bibi Harusi wako."

Aliinuka, akatoka, akaingia jikoni, akavuta bati la mlango, akaweka jiwe kwa ndani.

Hakutoka jioni. Hakutoka kwa chakula, wala kwa maombi ya mama yake aliyerudi mikono mitupu. Mtoto alilia kwa muda, kwa nguvu zaidi kuliko siku zote, maana alikuwa ameonja. Kisha sauti ikaanza kupungua.

Alfajiri Taratibu alikwenda kazini kwa sababu miguu yake haikujua njia nyingine. Bandani alikuta ngozi imelala sakafuni, nje ya kizimba cha Bibi Harusi, imekanyagwa ikachanganyika na samadi. Kamba zilikuwa zimetafunwa. Ndama yatima alikuwa ananyonya, mgongo wake mwenyewe wazi, manyoya yake mekundu yamelambwa mpaka yakang'aa. Ngozi ya marehemu ilikuwa nyeusi. Hata kipofu asingekosea.

"Nani amemvua?" aliuliza.

"Kwani si ng'ombe wako mwenyewe?" Redio alikuwa akisugua debe. "Tangu jana. Wewe umetoka tu, akaishika kwa meno akaing'oa. Nikasema, leo atampiga pembe, nikakimbilia fimbo. Wapi! Alimnusa upya, kichwa mpaka mkia, halafu akasimama. Akafikiri. Mimi nakwambia alifikiri. Kisha akaanza kumlamba hivyohivyo."

"Kwa hiyo alijua."

"Alijua nini?"

"Kwamba si wake."

Redio aliacha kusugua. Alimwona mzee alivyo, akapunguza sauti, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulishuhudia. "Mzee wangu, kiwele kilikuwa kinamuuma. Alitaka mtu wa kumpunguzia, basi. Usimvishe joho."

Huenda ilikuwa hivyo. Taratibu hakuwa na namna ya kumwuliza Bibi Harusi. Alisimama akimtazama, na ng'ombe akamtazama pia, akitafuna. Miaka yote hiyo alikuwa akiacha ngozi migongoni mwa mayatima mpaka inanuka, mpaka inaanguka vipande vipande. Hakuwahi kuivua mapema aone. Alikuwa na uhakika kwamba aliyefiwa ni lazima adanganywe, kwa kuwa mnyama hawezi kuchagua. Kisha jana akaondoka hapo, na ujuzi wake wote, akaenda kumfanyia hivyo mtoto wake mwenyewe, mtu mwenye kinywa, mwenye sababu, mwenye uchungu wa kueleza. Utu aliokuwa akiuhubiri kwa ng'ombe hakuukumbuka alipofika kwa mtu.

Aliweka ndoo chini. Bibi Harusi alikuwa bado hajakamuliwa, na nyuma yake mstari mzima wa ng'ombe walikuwa wanasubiri.

"Unakwenda wapi?" meneja alipiga kelele kutoka langoni. "We mzee! Gari linasubiri!"

"Lisubiri."

"Maziwa yatachacha!"

Taratibu aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alipaza sauti katika banda lile, na ng'ombe wote wakainua vichwa.

"Yachache!"

Nyumbani hapakuwa na kilio. Mkewe alikuwa ameketi mkekani, mtoto mapajani, kanga imemfunika mpaka kidevuni. Alimtazama mumewe akatikisa kichwa, si kwa kukana, bali kwa kuchoka. Kijana alikuwa ameegemea mlango na paji la uso.

Mzee alikwenda jikoni. Aliketi chini, nje, mgongo kwenye bati. Alisikia pumzi za bintiye upande wa pili.

"Sikuja kuomba ziwa," alisema. "Sitaomba tena. Nimekuja kusema nilikuibia. Ningekuuliza ungekataa, na kukataa ni haki yako, ndiyo maana sikukuuliza. Nikaona nikufanyie ninavyowafanyia wale. Na kumbe hata wale..." Alishindwa kumaliza. "Nimekupotezea harufu ya mwanao. Sina cha kukurudishia. Hata nikifa sina."



"Ulikuwa unamshika kichwa kwa kiganja kizima," sauti ya binti ilisema. "Vidole vyako haviwezi kukunjuka, na kichwa chake kilikuwa kinaingia hapo sawasawa. Nilikuwa napenda kuangalia."

Taratibu alitazama kiganja chake.

"Yule wifi aliogopa tu, baba. Alikuwa mjamzito, akaona maiti ya mtoto, akaogopa. Nimelijua hilo tangu siku ileile. Kwani mimi nisingegeukia ukutani? Ningegeuka. Nilikuwa nasubiri ajifungue, apone, nimtukane vizuri, halafu yaishe. Akafa. Sasa nimtukane nani?" Alivuta kamasi. "Nimebaki na huyu tu wa kumkasirikia, na nilikuwa namsikia analia usiku kucha, kila akilia na mimi maziwa yananitoka, najichukia, nalichukia ziwa lenyewe. Halafu..."

Jiwe likakwaruza sakafuni.

"Mbona halii?"

Bati likavutwa. Binti alitokea, macho yamevimba, gauni limekauka na kulowa tena, akampita baba yake, akampita kaka yake, akasimama juu ya mkeka.

"Mbona halii, mama?"

"Amechoka, mwanangu."

"Nipeni. Hapana, mvueni kwanza. Sitaki kanga, sitaki shali, sitaki nguo ya mtu. Nataka nimwone ni nani."

Bibi yake alimfunua. Mtoto alikuwa mdogo kuliko walivyokumbuka, mbavu zinahesabika, miguu imekunjwa. Shangazi yake alipiga magoti. Alimchunguza kama anayesoma, kuanzia utosini, akafika kwenye masikio yaliyochongoka juu, akaguna.

"Masikio ya wifi haya," alisema. "Mabaya hivyohivyo." Kisha akalia, kwa sauti, huku akimwinua.

Alimpa ziwa. Kinywa kilifunguka kidogo, chuchu ikaingia, na kikabaki hivyo. Hakikufunga. Alimgusa shavu, alimgusa kidevu, akamkamulia mdomoni. Maziwa yakajaa, yakafurika, yakamwagika shingoni.

"Nyonya," kijana alisema kutoka mlangoni. "Nyonya, baba. Tafadhali."

"Hana nguvu ya kuvuta," alisema Taratibu. "Leteni kikombe."

Mkewe alikimbia kukileta kile kilekile cha bati, bado kina majivu kitakoni. Akakisuuza, akarudi. Binti alijikamua na sauti ya maziwa kwenye bati ikajaa chumba. Taratibu alimpokea mtoto, kichwa kikaingia katika kiganja chake kilichopinda, kikakaa sawasawa, na akahisi macho ya bintiye yakitua hapo yakaondoka. Binti alichovya ncha ya kitambaa, akaibana kwenye ule mdomo. Tone moja. Wote wanne wakalitazama koo la mtoto.

Halikutikisika. Tone lilitoka pembeni.

Akachovya tena. Likatoka tena. Uani jirani alikohoa, na hakuna aliyempa pole. Akachovya tena, na Taratibu akamwinamisha mtoto kidogo kwa ubavu, akamsugua chini ya kidevu kwa kifundo cha kidole, kuelekea chini, kuelekea chini, kama alivyowasugua ndama waliozaliwa wakiwa nusu wafu.

Lile shimo chini ya koo likapanda, likashuka.

Hakuna aliyeshangilia. Taratibu alikuwa ameona ndama wengi waliomeza mara moja ya mwisho, na mkewe naye alijua. Kijana aliteleza mlangoni mpaka akakaa chini, mikono kichwani. Kutoka shambani honi ya gari la maziwa ililia kwa hasira, ikalia tena.

"Shika kichwa vizuri, baba," binti alisema, akachovya kitambaa.